Kugandisha mafuta ya kula kwa hidrojeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwanafunzi wa kemia, fundi wa kiwanda cha mafuta, mwenye bekari na yeyote anayesimama dukani akisoma lebo ya kopo. Jambo moja linarudi katika mengi ya majibu: ubaya unaosemwa juu ya mafuta ya kugandishwa hautokani na hidrojeni yenyewe, unatokana na kuisimamisha kazi katikati ya njia.

Kuhidrojenisha mafuta ni kufanya nini hasa?

Ni kupachika hidrojeni kwenye molekuli za mafuta. Mafuta ya kula, yawe ya alizeti, ya pamba au ya soya, yameundwa na gliseroli iliyoshikana na asidi mafuta tatu. Kila asidi mafuta ni mnyororo wa kaboni, mara nyingi kaboni 18. Mahali pengine kwenye mnyororo huo kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu, maana yake kuna nafasi mbili za hidrojeni zilizo wazi. Asidi steariki haina kifungo maradufu hata kimoja, ndiyo maana husemwa imeshiba. Asidi oleiki ina kimoja, linoleiki viwili, linoleniki vitatu.

Hidrojeni haijipachiki yenyewe. Ukiichanganya na mafuta ya moto peke yake, hakuna kitakachotokea kwa muda wowote wa maana. Inahitaji kichocheo, na katika mafuta ya kula kichocheo hicho karibu siku zote ni nikeli iliyosagwa ikawa chembe ndogo sana, zenye vitundu vingi.

Kwa nini mafuta ya maji hugeuka kuwa ya kuganda?

Kifungo maradufu cha asili huupinda mnyororo. Minyororo iliyopinda haipangiki vizuri, kama kuni zilizopindapinda zisivyofungika mzigo mmoja ulioshikamana. Ukiondoa kifungo hicho mnyororo hunyooka, molekuli husogeleana, na joto kubwa zaidi linahitajika kuziachanisha.

Tazama viwango vya kuyeyuka vya asidi zenye kaboni 18: linoleniki takriban nyuzi 11 chini ya sifuri, linoleiki nyuzi 5 chini ya sifuri, oleiki karibu 13, steariki karibu 70. Urefu wa mnyororo ni uleule, kilichobadilika ni idadi ya vifungo maradufu tu. Kuna ya tano katika familia hii, asidi elaidiki. Idadi ya atomu zake ni sawa kabisa na ya oleiki, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 44 hivi. Hiyo ndiyo asidi ya transi, yaani yenye kifungo maradufu kisichoupinda mnyororo, inayojulikana zaidi, na ndiyo iliyoleta lawama zote. Tutairudia.

Mawese, mafuta ya nazi na samli huganda vyenyewe. Je, navyo vimehidrojenishwa?

Hapana. Mawese yana asidi palmitiki karibu asilimia 44, na hiyo imeshiba kwa asili. Mafuta ya nazi yamejaa asidi fupi zilizoshiba, huyeyuka karibu nyuzi 24, kwa hiyo ya Mombasa au Tanga mchana huwa maji, na yaleyale yakipelekwa Nairobi au Arusha msimu wa baridi huganda. Kuganda peke yake si ushahidi wa kiwanda kuyagusa. Mafuta mengi ya kopo yanayouzwa Afrika Mashariki leo hutengenezwa kwa mawese yaliyosafishwa au sehemu yake ngumu, na hayo yanaweza kuganda bila hidrojeni kabisa.

Nani alianzisha?

Mfaransa Paul Sabatier, akifanya kazi na Jean-Baptiste Senderens kuanzia miaka ya 1890, alionyesha kwamba nikeli iliyosagwa huwezesha hidrojeni kuingia kwenye mvuke wa kemikali zenye vifungo maradufu. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1912. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyevuka kutoka mvuke hadi mafuta ya maji, akasajili hataza yake Ujerumani mwaka 1902 na Uingereza mwaka 1903. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliingiza sokoni Crisco, mafuta ya kuganda yaliyotengenezwa kwa mbegu za pamba. Ulaya nako mafuta ya nyangumi, ambayo hayakuwa yakilika kwa harufu, yaligandishwa kwa njia hiyo yakaingia kwenye majarini.

Kilichosukuma haya yote kilikuwa uhaba wa mafuta ya wanyama. Majarini ilikuwapo tangu 1869, ikitegemea shahamu ya ng'ombe, na shahamu haikutosha.

Kiwandani kazi hufanywaje, tangu mwanzo hadi mwisho?

Kazi huanza kabla ya hidrojeni kufika. Mafuta mabichi hayaingii. Lazima kwanza yaondolewe gundi, yaondolewe asidi huru (asidi mafuta zilizoachana na gliseroli), yang'arishwe kwa udongo maalumu na yakaushwe. Vipimo vya kufuata: asidi huru isizidi asilimia 0.1, fosforasi isizidi sehemu 2 kwa milioni, sabuni iwe karibu na sifuri, maji yasizidi asilimia 0.05. Fundi anayepuuza vipimo hivi atalipa kwa nikeli, na nikeli ni ghali.

Mafuta huingizwa kwenye mtungi wa chuma uliofungwa, wenye kikorogeo na koili za ndani zinazopitisha mvuke wakati wa kupasha na maji wakati wa kupoza. Hewa hunyonywa mpaka mtungi uwe kwenye ombwe. Sababu ni mbili: kutoa oksijeni isikutane na hidrojeni, na kutoa unyevu wa mwisho mafuta yakifika nyuzi 100 hivi. Kichocheo hukorogwa pembeni kwenye mafuta kidogo ya moto, kisha rojo hilo huvutwa ndani na ombwe. Joto likifika kati ya 140 na 160, hidrojeni hufunguliwa kutoka chini ya mtungi kupitia bomba lenye matundu, kikorogeo kikiwa kinazunguka kwa nguvu.

Kuanzia hapo mafuta hujipasha yenyewe. Mvuke hufungwa na maji ya kupoza hufunguliwa. Presha kwa kawaida hushikiliwa kati ya kilopaskali 100 na 400 juu ya ile ya hewa, na joto la kazi kati ya 150 na 200, kutegemea bidhaa inayotakiwa.

Fundi huchukua sampuli na kuipima kwa refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mafuta yanavyopinda mwanga, kwa sababu kipimo cha mwanga hushuka sambamba na vifungo maradufu vinavyopungua na jibu hupatikana kwa dakika chache. Kipimo kikifika, hidrojeni hufungwa, mtungi hurudishwa kwenye ombwe, mafuta hupozwa chini ya nyuzi 100 na ndipo huchujwa. Kuchuja yakiwa moto zaidi ya hapo ni kukaribisha moto, maana keki ya nikeli, yaani masalia ya kichocheo yanayobaki kwenye chujio yakiwa na mafuta, ikikutana na hewa huwaka.

Baada ya kuchuja, mafuta hung'arishwa tena kwa udongo pamoja na asidi sitriki kidogo ili kunasa nikeli iliyopenya. Mwisho huondolewa harufu kwa mvuke chini ya ombwe kali, nyuzi 230 hadi 260. Hatua hii haiepukiki: mafuta yaliyotoka kuhidrojenishwa yana harufu yake ya pekee, na hakuna atakayeyala hivyo.

Hidrojeni kiasi gani, nikeli kiasi gani?

Hesabu hufuata namba ya iodini, yaani gramu za iodini zinazonaswa na gramu 100 za mafuta. Namba ikiwa kubwa, vifungo maradufu ni vingi. Mafuta ya soya huwa kati ya 124 na 139, mbegu za pamba 100 hadi 123, mawese 50 hadi 55, nazi 6 hadi 11.

Kila namba 1 inayoshuka hula takriban mita za ujazo 0.88 za hidrojeni kwa tani ya mafuta, ikipimwa kwa nyuzi 0 na presha ya kawaida ya hewa. Chukua tani 10 za mafuta ya soya yenye namba 130, yashushwe hadi 70. Namba 60 zimeshuka. Zidisha 60 kwa 0.88, upate mita za ujazo 53 kwa tani, au 530 kwa mtungi wote. Kwa uzito ni kilo 48 tu za hidrojeni. Ongeza kidogo kwa ile inayopotea.

Nikeli huwekwa kati ya asilimia 0.01 na 0.1 ya uzito wa mafuta. Tukichukua 0.05, tani 10 zinahitaji kilo 5 za nikeli. Kichocheo cha dukani huja kikiwa kimefunikwa kwa mafuta magumu ili kisiungue hewani, na nikeli ndani yake mara nyingi ni asilimia 20 hadi 25. Kwa chenye asilimia 22, utapima kilo 23 za kichocheo.

Sasa joto. Kila namba 1 inayoshuka hupandisha joto la mafuta kwa nyuzi 1.6 hadi 1.7 kama hakuna upozaji. Namba 60 ni karibu nyuzi 100. Mtungi ulioanza kwa 150 ungeishia 250. Ndiyo maana koili za kupoza hukaguliwa kabla ya kufungua hidrojeni, si baada.

Mafuta ya transi hutokea wapi katika kazi hii?

Juu ya uso wa nikeli. Hapa inafaa kwenda polepole.

Molekuli ya hidrojeni ikigusa nikeli hugawanyika kuwa atomu mbili zinazotembea juu ya uso wake. Kifungo maradufu cha asidi mafuta nacho hukaa hapohapo. Atomu moja ya hidrojeni huingia kwenye kaboni moja kati ya mbili. Wakati huo mnyororo uko nusu njia: si ule wa zamani tena, wala haujashiba. Wanakemia Horiuti na Polanyi walieleza hatua hii mwaka 1934, na maelezo yao bado yanatumika.

Kutoka nusu njia kuna milango miwili. Hidrojeni ya pili ikiwa karibu, nayo huingia, kazi inakamilika na mnyororo umeshiba. Isipokuwepo, mnyororo humrudishia nikeli atomu moja na kifungo maradufu huzaliwa upya. Ila kaboni zile zilipokuwa na kifungo kimoja zilikuwa huru kuzunguka. Kifungo kinapofunga tena, kinaweza kufunga kwa umbo la kupinda kama mwanzo, au kwa umbo lililonyooka, ambalo ndilo transi. Kinaweza pia kusogea hatua moja kando kwenye mnyororo. Umbo la transi lina utulivu zaidi, kwa hiyo likipewa nafasi huongezeka.

Ukilielewa hilo, unajua la kufanya na kila valvu. Chochote kinachoifanya hidrojeni iwe haba juu ya nikeli huongeza transi: joto kubwa, kwa sababu mwendo wa kemia hupita mwendo wa hidrojeni kuyeyuka ndani ya mafuta, presha ndogo, kukoroga kwa ulegevu, kichocheo kingi kinachogombea gesi ileile. Kinyume chake hupunguza. Nikeli iliyolishwa salfa nayo hutoa transi nyingi, maana salfa huziba sehemu za kupokelea hidrojeni lakini haizuii sana kifungo kuzunguka.

Kama ni hivyo, kwa nini viwanda havikuweka tu presha kubwa na joto dogo?

Kwa sababu hali hizo huharibu uteuzi. Kwenye nikeli yenye uhaba wa hidrojeni, linoleniki na linoleiki hushambuliwa mapema kuliko oleiki. Hicho ndicho kiwanda kilikitaka: ondoa zile zinazooza haraka, acha oleiki, usizalishe steariki nyingi inayobandika nta mdomoni. Kwenye presha kubwa zote hushiba ovyoovyo, na unapata mafuta yenye chembe ngumu ndani ya mafuta ya maji.

Na tuseme wazi: transi yenyewe ilikuwa inatakiwa. Elaidiki ikiyeyuka karibu nyuzi 44 ilitoa mafuta magumu mezani yanayolainika mdomoni, yanayodumu miezi bila kuoza, yanayovumilia kukaangiwa mara nyingi. Kwa mtengeneza biskuti yalikuwa mafuta karibu kamili. Majarini na mafuta ya bekari ya zamani yalifika transi asilimia 20, 30, hata 40 ya mafuta yote.

Kuna tofauti gani kati ya "kwa sehemu" na "kikamilifu"?

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika ukurasa huu. Ukiendelea mpaka namba ya iodini ishuke chini ya 4 hivi, karibu kila kifungo maradufu kimekwisha. Pasipo kifungo maradufu hakuna transi, kwa sababu transi ni umbo la kifungo maradufu. Mafuta ya soya yaliyofika huko ni vipande vigumu vinavyokatika kama nta, vinayeyuka karibu nyuzi 70, na transi iliyobaki ni kidogo sana. Yamejaa steariki, ambayo imeshiba, lakini katika majaribio ya lishe haipandishi kolesteroli kama palmitiki inavyofanya.

Yaliyohidrojenishwa kwa sehemu ndiyo yenye transi. Lebo ikisema "hidrojeni" bila kusema kwa sehemu au kikamilifu, wewe chukulia ni kwa sehemu mpaka muuzaji akuonyeshe cheti cha maabara.

Siagi ya karanga yangu imeandikwa mafuta yaliyohidrojenishwa kikamilifu. Niogope?

Hapana. Huwekwa asilimia 1 hadi 2 tu ili mafuta ya karanga yasipande juu ya chupa. Yakipoa hutengeneza wavu wa fuwele unaoshika mafuta ya maji mahali pake.

Transi hudhuru vipi?

Hupandisha kolesteroli ya LDL, ile inayojenga utando kwenye mishipa, na hushusha HDL, ile inayosafisha. Mafuta yaliyoshiba hupandisha LDL bila kushusha HDL kwa namna hiyo. Waholanzi Mensink na Katan walionyesha jambo hili mwaka 1990, na kabla yao Fred Kummerow wa Marekani alikuwa amekuta transi kwenye mishipa ya marehemu tangu 1957. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliounganisha tafiti kadhaa ulikuta kwamba asilimia 2 ya nishati ya siku ikitoka kwenye transi, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupanda kwa asilimia 23.

Asilimia 2 ya nishati ni kama gramu 4 hadi 5 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Zamani vipande vichache vya mkate wenye majarini na biskuti kadhaa za chai viliweza kuzifikisha. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi asilimia 1, yaani gramu 2.2, na linakadiria vifo zaidi ya 278,000 kila mwaka duniani kutokana na transi ya viwandani.

Sheria zinasemaje?

Denmark ilitangulia mwaka 2003 kwa kikomo cha gramu 2 za transi kwa kila gramu 100 za mafuta. Afrika Kusini iliweka kikomo hichohicho mwaka 2011. Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyohidrojenishwa kwa sehemu hayahesabiwi tena kuwa salama, na viwanda vikapewa hadi Juni 2018. Umoja wa Ulaya umekuwa na kikomo cha gramu 2 tangu Aprili 2021. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito wa kuiondoa transi ya viwandani duniani kote mwaka 2018, na Januari 2024 liliitambua Saudi Arabia pamoja na Denmark, Lithuania, Poland na Thailand kwa kuutekeleza mwito huo. Anayesafirisha biskuti au majarini kwenda masoko hayo ni vyema awe na cheti cha transi mkononi.

Maziwa na nyama ya ng'ombe navyo vina transi?

Vina. Bakteria katika tumbo kubwa la mnyama anayecheua huhidrojenisha mafuta ya majani, nao huacha kazi nusu njia vilevile. Mafuta ya maziwa hubeba transi asilimia 2 hadi 6 hivi, nyingi ikiwa asidi vakseniki na si elaidiki. Samli safi basi ina transi kidogo, na hakuna aliyeichakachua. Sheria nyingi hulenga ya viwandani kwa sababu ndiyo inayoweza kufika theluthi moja ya mafuta, na ndiyo inayoweza kuondolewa.

Kukaanga mandazi au chipsi nyumbani hutengeneza transi?

Kidogo mno. Kwenye nyuzi 170 hadi 180 bila nikeli, vifungo havigeuki kwa kiasi cha kutia hofu. Mafuta ya maji yaliyosafishwa huja tayari na transi kati ya asilimia 0.5 na 2, iliyotokea wakati wa kuondoa harufu kwa joto kali. Mafuta yaliyorudiwa kukaangiwa mpaka yakawa meusi na ya kunata ni mabaya kwa sababu nyingine: yameoksidika na molekuli zake zimeshikana. Yamwage.

Mtungi umefunguliwa hidrojeni na hakuna kinachotokea. Tatizo ni nini?

Tazama kwanza kama joto linapanda lenyewe. Lisipopanda na presha isiposhuka unapofunga valvu, kichocheo kimekufa au hakijaamka. Mafuta chini ya nyuzi 130 huweza kusuasua. Pandisha kidogo ungoje. Likishindikana, mshukiwa wa kwanza ni sumu ya kichocheo: salfa, hasa kwa mafuta ya kanola au ya samaki, fosforasi ya gundi ambayo haikuondolewa, sabuni iliyobaki. Kuongeza nikeli kutaianzisha kazi lakini hakuondoi chanzo. Rudisha mafuta yakang'arishwe upya. Kagua na hidrojeni yenyewe, maana ile inayotengenezwa kwa gesi asilia ikija na kaboni monoksidi kidogo tu, monoksidi hiyo hukalia uso wa nikeli na kazi hulegea.

Mafuta yaliyochujwa yana rangi ya kijani.

Ni sabuni ya nikeli. Asidi huru zilikuwa nyingi, zikayeyusha nikeli, nayo ikapita kwenye chujio kwa sababu si chembe tena. Asidi sitriki na udongo wa kung'arisha vitainasa. Mara ijayo shusha asidi huru kabla ya kuanza, na usiache mafuta ya moto yakikaa na kichocheo baada ya kazi kuisha.

Kuchuja kunakwenda polepole kupita kiasi.

Ama kichocheo kimerudiwa mara nyingi mpaka kikasagika, ama kuna sabuni na gundi zilizoziba kitambaa. Tandaza kwanza unga wa kusaidia kuchuja juu ya kitambaa, na usirudie kichocheo kwa bidhaa inayohitaji uteuzi mzuri. Kile cha zamani kifae kwa kazi ya kushibisha kikamilifu.

Namba ya iodini ni sahihi, lakini mafuta ni magumu kuliko jana.

Transi imebadilika. Namba ya iodini huhesabu vifungo tu, haijui umbo lake. Kagua joto, presha na kasi ya kikorogeo vya siku hizo mbili, na upime mafuta magumu yaliyomo kwa nyuzi 10, 20 na 35. Vipimo hivyo vitatu humweleza mtengeneza majarini mengi kuliko namba ya iodini.

Alizeti ya Singida na Dodoma yaweza kugandishwa ikawa majarini?

Kwa kemia, ndiyo. Shida ipo kwenye fuwele. Alizeti ni karibu asidi za kaboni 18 tupu, na ikishibishwa fuwele zake hugeukia umbo kubwa linaloitwa beta, ambalo ulimi huhisi kama mchanga. Majarini laini huhitaji fuwele ndogo za beta-praimu. Mafuta yenye palmitiki nyingi, kama ya mawese au ya mbegu za pamba, huzishika fuwele katika umbo hilo dogo. Kwa hiyo alizeti huwekwa kama sehemu ya maji, na ugumu hutoka kwa sehemu ngumu ya mawese au mafuta ya pamba yaliyoshibishwa kikamilifu.

Viwanda vinatumia nini badala ya kuhidrojenisha kwa sehemu?

Njia iliyo bora kwa maoni yetu ni kushibisha sehemu ndogo kikamilifu, kuichanganya na mafuta ya maji, kisha kuhamisha asidi mafuta kutoka gliseroli moja hadi nyingine. Kazi hiyo huitwa interesterifikesheni. Mchanganyiko hukaushwa kabisa, huwekwa sodiamu methoksidi, kwa kawaida chini ya asilimia 0.5, kwa nyuzi 80 hadi 110 kwa nusu saa hivi. Rangi ikigeuka kahawia ujue kazi imeanza; isipogeuka, kuna maji au asidi vilivyoua kichocheo. Kimeng'enya cha lipasi hufanya kazi hiyohiyo kwa joto la chini na uchafu mdogo, ila ni ghali.

Njia rahisi zaidi ni kupoza mawese polepole na kuchuja sehemu ngumu itoke kwenye sehemu ya maji. Haitumii kemikali yoyote. Bei yake ni kwamba mafuta yaliyoshiba yanaongezeka.

Nina bekari. Nikiacha mafuta ya zamani nitumie nini?

Kwa mandazi, chapati na mikate ya kawaida, mafuta ya maji au ya mawese yanatosha. Chapati itapungua tabaka kidogo. Keki iliyozoea kupigwa na mafuta ya kuganda haitainuka vilevile kwa mafuta ya maji, kwa sababu ni fuwele zinazoshika hewa. Keki za tabaka nyingi ndizo ngumu kuliko zote: mafuta yake lazima yakunjike bila kukatika wala kutoka jasho kwenye joto la chumba, kwa hiyo mwombe muuzaji mafuta maalumu ya kukunjia, yasiyo na transi, na ufanyie kazi alfajiri kabla joto halijapanda.

Nitajuaje kama mafuta yana transi?

Si kwa jicho, wala kwa friji, wala kwa kuyeyusha kwenye sufuria. Maabara hutumia kromatografia ya gesi yenye bomba jembamba la mita 100, au mwanga wa infraredi, ambapo transi hunyonya kwenye namba ya wimbi 966. Mwenye kiwanda kidogo apeleke sampuli na adai jibu litolewe kwa gramu katika gramu 100 za mafuta, si za bidhaa nzima. Biskuti yenye mafuta asilimia 15 itaonekana safi ukipima kwa bidhaa nzima hata kama mafuta yake yamevuka kikomo.

Nikeli iliyotumika hupelekwa wapi, na hidrojeni ni hatari kiasi gani?

Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche ndogo isiyoonekana huiwasha, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi. Mtungi na mabomba hufagiliwa kwa nitrojeni kabla na baada ya kazi. Paa la jengo liwe na matundu juu kabisa, kwa kuwa gesi hii hupanda. Kipima gesi kiwekwe darini, taa ziwe za aina isiyotoa cheche, na simu zibaki nje.

Keki ya nikeli iliyotumika isiachwe kwenye ndoo wazi wala kutupwa jalalani. Ikikauka hewani hupata moto yenyewe, na nikeli ni sumu kwa udongo na maji. Ilowekwe kwenye mafuta, ifungwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko na lebo, iwekwe kivulini mbali na jengo, kisha irudishwe kwa wanaoyeyusha na kurejesha nikeli. Anayeishika avae glavu na barakoa ya vumbi: vumbi la nikeli likivutwa kwa miaka huweza kuleta saratani ya mapafu na pua, na kwenye ngozi huleta upele usiopona kirahisi.